Chuo cha afya ni cha nani? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haipoi. Wanapiga wazazi wa Ileje, wajomba wa Makete, vijana wa Mbarali walioazima simu ya jirani. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi hapa Mbeya, mzaliwa wa Umalila. Nimekaa darasani na wodini vya kutosha kujua kwamba wengi wanaoanza kwa kuuliza "sifa za kujiunga" wanalo swali jingine moyoni: mtu kama mimi nitapokelewa? Majibu haya ni yangu, si tamko la chuo chochote.

Utofauti, haki, ujumuishi. Mbona maneno mengi? Si mseme usawa tu?

Chukua glavu za upasuaji. Zinakuja kwa namba: sita na nusu, saba, saba na nusu, nane. Ukiwagawia wanafunzi wote namba nane umewatendea sawa kabisa, hakuna wa kusema kanyimwa. Ila binti mwenye kiganja kidogo atashona ncha ya glavu badala ya kidonda. Kumpa kila mmoja namba yake ndiyo haki. Stoo kuagiza namba zote mapema, ili mtu asizunguke korido akiomba glavu kama anayeomba chumvi, huo ndio ujumuishi. Na utofauti haukuletwa na mtu. Mikono haijawahi kufanana.

Haya si mambo ya Wamarekani?

Jina labda. Wenzetu wana historia yao. Mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner kuhusu vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada iliinua viwango kweli, lakini kati ya vyuo 7 vya Wamarekani weusi, 5 vilifungwa katika miaka iliyofuata, vikabaki Howard na Meharry. Ugomvi wao wa leo kuhusu nani adahiliwe, pamoja na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2023 iliyozuia vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji, umeota kwenye udongo huo. Waachieni wenyewe.

Sisi tuna yetu. Uhuru ulipofika mwaka 1961 nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12, idadi ambayo Mwalimu Nyerere aliitaja mara kadhaa. Chuo cha udaktari kikaanza Dar es Salaam mwaka 1963. Halafu likaja Azimio la Musoma la 1974: ukimaliza kidato cha sita, kafanye kazi kwanza ndipo uje chuo kikuu. Kanuni moja kwa wote, haikumtaja mwanamke wala mwanamume. Idadi ya wanawake ikaporomoka, maana binti aliyerudi nyumbani kungoja zamu yake aliolewa, akazaa, au akaambiwa shule aliyosoma inatosha. Serikali ikaliona hilo na kuwaondolea wanawake sharti lile. Hakuna semina ya Chicago iliyowafundisha wazee wale.

Kwa hiyo mnashusha viwango?

Swali hili naulizwa zaidi na madaktari wenzetu kuliko wazazi, na huulizwa kwa tabasamu la upande mmoja.

Kwa stashahada za utabibu na uuguzi na ukunga, mwombaji anahitaji ufaulu wa kidato cha nne katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nguvu. Vigezo hivyo tunavikuta kwenye mwongozo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati. Mkufunzi hana kalamu ya kuvifuta kwa sababu mtoto katoka mbali. Mtihani wa mwisho ni mmoja, na mgonjwa hatamuuliza muuguzi alikotoka kabla mshipa haujapatikana.

Tunachokiondoa ni vizuizi visivyopima chochote. Mfano niliouona kwa macho: mwanafunzi mfupi kwenye mtihani wa vitendo wa kufufua. Kanuni inataka kifua cha mtu mzima kiingie ndani sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kitanda kilikuwa cha zamani, kimeinuliwa juu, hakishuki. Binti akawa ananing'inia, viwiko vimekunjika, sanamu halibonyei. Msimamizi akaandika sifuri. Siku ya marudio mwenzangu alisogeza kistuli cha kupandia wagonjwa, kilichokuwa chini ya kitanda kile kile siku zote. Akapanda, akanyoosha mikono, akapiga dakika mbili bila kukosea. Nani alishusha kiwango hapo? Kistuli hakibonyezi kifua.

Mbona mnahangaika sana na watoto wa vijijini? Wa mjini ndio wana maksi.

Kwa sababu ya baada ya mahafali. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2010 na mwongozo wake wa 2021, linasema kuwadahili wanafunzi waliokulia vijijini na kuwafundishia karibu na huko kunaongeza uwezekano wa wao kufanya kazi huko. Huku kwetu hilo halihitaji profesa. Mpangie kijana wa Soweto ya Mbeya zahanati ya pembezoni mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone huko Ludewa. Ataripoti, ataweka begi, na wiki ya pili ataanza kutafuta uhamisho. Si mtu mbaya. Hajawahi kuishi mahali ambapo gari ni tukio.

Tahadhari: si kila mtoto wa kijijini hurudi kijijini. Anayeandika haya anaishi Uyole, humu humu jijini Mbeya.

Nimesoma sekondari ya kata na Kiingereza changu kibovu. Nitaweza?

Utaweza, ila sitakudanganya kwamba ni rahisi. Miaka saba ya msingi umesoma kwa Kiswahili, minne ya sekondari kwa Kiingereza ambacho mwalimu mwenyewe alikuwa anakitafsiri ubaoni, sasa unapewa kitabu cha anatomia chenye uzito wa tofali. Mwenzako aliyesoma shule ya msingi ya Kiingereza anaanza mbio akiwa ameshapita nguzo ya kwanza.

Mimi nilikuwa hivyo. Mwaka wangu wa kwanza wa mazoezi, hospitali siitaji, tulikuwa kwenye raundi. Mgonjwa kajaa maji kwenye utando wa mapafu. Daktari akanigeukia: sababu zake? Nilikuwa nazijua. Kifua kikuu, moyo kushindwa kazi, saratani, nimonia. Zilikuwa zimepangana kichwani kwa Kiswahili kama sufuria kabatini. Nikafungua mdomo, Kiingereza kikagoma. Akasubiri kidogo, akasema mbele ya wagonjwa ishirini na kitu: "Rudi kwenu ukalime viazi." Wenzangu wakacheka, wengine kwa woga. Mgonjwa hakucheka. Jioni nilipompelekea dawa aliniambia, "Viazi navyo vinalisha watu, mwanangu."

Yule daktari hakupima elimu yangu ya mapafu. Alipima sarufi, akaandika alama kwenye safu ya mapafu.

Kwa hiyo darasani kwangu siku hizi ruksa kujibu kwanza kwa Kiswahili, kisha tunatafuta maneno ya Kiingereza pamoja, kwa sababu mtihani na mafaili ya wagonjwa yanayadai. Kwenye mazoezi ya kuzungumza na mgonjwa, Kiswahili ndicho kinachopewa maksi. Mtu anaweza kuandika ukurasa mzima wa Kiingereza kuhusu kisukari halafu akashindwa kumweleza mama wa Mwanjelwa kwa nini insulini haitakiwi kuachwa juani. Huyo mimi namfelisha.

Ushauri wa haraka: usikariri neno peke yake. Likariri likiwa na mgonjwa. Neno lililokaa na sura ya mtu halitoki.

Je, kilugha kina nafasi yoyote chuoni?

Kina nafasi kubwa kuliko tunavyokiri, na kinaweza kutumika vibaya kuliko tunavyokiri.

Upande mzuri kwanza. Kutoka Mbeya hadi Iringa una Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wamalila, Wasangu, Wakinga, Wabena, Wahehe, na bado sijamaliza. Bonde la Usangu lina wafugaji na wakulima kutoka kila kona ya nchi. Vijana wote wanajua Kiswahili. Bibi zao si wote, na hata anayekijua, uchungu ukimbana anarudi kwenye lugha ya mama yake.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anampima bibi wa Kisafwa maumivu kama kitabu kinavyotaka: "Bibi, kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi?" Bibi akamtazama, akajibu kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Sijayahesabu, mjukuu." Mwanafunzi akaandika kwenye fomu: hana ushirikiano. Mhudumu wa usafi aliyekuwa anapiga deki akaegesha fagio, akainama, akaongea naye Kisafwa nusu dakika. Maumivu yalianza juzi usiku, yanatoka kiunoni yanashuka kwenye kinena, na yanakuja kwa vipindi. Taarifa yote ya jiwe kwenye njia ya mkojo imepatikana kwa mtu ambaye jina lake haliko kwenye faili.

Tangu siku hiyo kila kundi ninalolipeleka wodini linakuwa na kijidaftari. Maneno kumi kwa kila lugha ya wagonjwa waliopo: maumivu, damu, mkojo, kupumua, kutapika, na salamu. Salamu hasa. Mwanafunzi wa Tanga akimwambia mzee wa Kihehe "kamwene", au akimwamkia mama wa Rungwe "mwagonile", mlango umeshafunguka nusu. Anayetoka kwenye lugha hiyo ndiye mwalimu wa siku, hata kama darasani ni wa mwisho. Nimeona mabega yakinyooka kwa ajili hiyo tu.

Msiwatumie watoto kutafsiri. Nimekuta mjukuu wa darasa la tatu anaambiwa amuulize bibi yake habari za kutokwa uchafu ukeni. Na mfanyakazi akitafsiri, akumbushwe siri ya mgonjwa kama tunavyokumbushwa sisi.

Upande mbaya: makabidhiano ya zamu kufanyika kwa kilugha kwa sababu wanne kati ya watano wanakijua. Huyo wa tano ametoka Kagera, anasimama na kalamu yake kama mgeni msibani, na usiku huo ndiye atakayebaki na wagonjwa. Huo ni uzembe wa kitabibu kwanza, ubaguzi baadaye. Wodini, makabidhiano kwa Kiswahili.

Sina hela. Nisiote?

Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo. Kabla ya hapo mkopo ulikuwa hasa wa shahada. Mtoto wa mkulima aliyetaka utabibu baada ya kidato cha nne aliuziwa shamba au ng'ombe. Yatima, wenye ulemavu na wanaotoka kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF wanaangaliwa kwa namna ya pekee, lakini bila karatasi huonekani. Vyeti vya vifo vya wazazi vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, mapema, na namba ya kaya ya TASAF ichukuliwe kwa mtendaji kabla dirisha halijafunguliwa. Kila mwaka kuna mtoto anayekosa kwa sababu cheti kilikuwa kijijini na mvua imekata barabara.

Ada siyo inayowamaliza watu, maana ada inajulikana. Inayowamaliza ni ile isiyoandikwa: sare pea mbili, viatu vyeupe, stethoskopu, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kitabu cha mazoezi, kisha chumba cha kupanga karibu na hospitali ukipangiwa wilaya nyingine. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeanguka chumba cha upasuaji. Tukasema anaogopa damu. Akaanguka tena wiki iliyofuata, nikamvuta pembeni. Hakuwa na tatizo na damu. Alikuwa anakula mara moja kwa siku, jioni, kande, na theluthi ya bumu lake, hela ya kujikimu ya mkopo, ilikuwa imetumwa nyumbani kwa wadogo zake. Waombaji, ulizeni chuo orodha kamili ya gharama kwa maandishi. Wakuu wa vyuo, wanafunzi wasio na ndugu mjini wapangieni hospitali iliyo jirani na chuo. Hiyo haigharimu shilingi.

Mimi ni mwanamume, nataka uuguzi na ukunga. Wodi ya wazazi wataniruhusu?

Chuo lazima kikufundishe, kwa sababu leseni utakayopata itakuwa ya muuguzi mkunga, na zahanati ya mlimani unaweza kuwa peke yako saa nane usiku mama akiletwa kwenye pikipiki. Mama naye ana haki ya kusema hapana. Njia ni moja: jitambulishe kwa jina, sema wewe ni mwanafunzi, omba ruhusa, pazia livutwe, na mkunga awepo. Akikataa, shukuru uondoke bila kununa. Wengi wanakubali. Kinachowakwaza akina mama si suruali yako. Ni vijana sita waliosimama miguuni pao wakinong'ona.

Na wakufunzi tuache kumbebesha mwanafunzi wa kiume kila mtungi wa oksijeni kwa sababu "wewe dume".

Nilipata mimba shuleni. Au nimepata nikiwa chuoni. Ndiyo basi?

Siyo basi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwaruhusu wanaojifungua kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule. Ukimaliza kidato cha nne na kufaulu masomo yanayotakiwa, fomu ya kujiunga na chuo haina kisanduku cha idadi ya watoto.

Ukipata mimba chuoni, nenda kwa mshauri wa wanafunzi mapema, omba kuahirisha kwa maandishi na utunze nakala yenye muhuri. Wanaopoteza mwaka ni wale wanaopotea kimya kimya. Ukirudi unanyonyesha, ukikaa mtihani wa saa tatu utahitaji kutoka kukamua. Omba. Chuo kinachofundisha miezi sita ya maziwa ya mama bila kingine chochote, halafu kinamkatalia mwanafunzi wake chumba chenye kufuli, kitajibu nini darasani?

Nina ulemavu. Nipoteze muda kuomba?

Omba, na kwenye fomu usiufiche. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakulinda katika elimu na ajira. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Sheria ni jambo moja, ngazi za maabara yetu ni jambo jingine, nakubali.

Usikivu hafifu: kuna stethoskopu za umeme zinazokuza sauti. Ni ghali kwa mwanafunzi, siyo kwa hospitali.

Ualbino: wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza. Maandishi makubwa, kiti cha mbele mbali na dirisha la jua, lenzi ya kukuzia namba za sindano, taa nzuri juu ya troli. Mazoezi ya kijijini yafanyike asubuhi, kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Mwanafunzi wangu mwenye ualbino alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote kwenye mishipa ya watoto. Alikuwa anaitafuta kwa ncha ya kidole wakati wenzake wanaitafuta kwa macho.

Miguu: fani si moja. Maabara na famasi zina kazi nyingi za mezani, na hata uuguzi una kliniki. Yapo yatakayokuwa magumu kweli, na mkufunzi mwaminifu atakaa na wewe mjadili kazi moja moja, badala ya kukutazama mlangoni na kuamua.

Viziwi mara nyingi tunawaona kama wagonjwa tu. Njombe kuna shule ya viziwi, wahitimu wake wanakwenda hospitali kama watu wengine, na muuguzi anawaandikia kikaratasi. Ishara ishirini za Lugha ya Alama ya Tanzania zinajifunzwa kwa wiki moja. Ningependa ziwe kwenye mtaala. Kwa sasa nazifundisha kwa wizi, dakika kumi za mwisho za kipindi.

Naishi na VVU. Chuo kitajua? Kitanifukuza?

Kwa utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, maambukizi kwa wenye miaka 15 na kuendelea yalikuwa asilimia 4.4 nchini, Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kwa hiyo kwenye darasa langu la watu sitini sidhani kama uko peke yako, na hata miongoni mwa wakufunzi usiape. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi inakataza kukubagua na inalinda siri yako. Hulazimiki kumtangazia mtu. Ukitumia dawa vizuri na virusi vikafubaa, soma, fanya kazi, zeeka.

Kwa wote, bila kujali hali: ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni, usikamue, ripoti saa hiyo hiyo. PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya ajali kama hiyo, ianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, na inamezwa siku 28. Nimeona mwanafunzi akificha ajali kwa kuogopa kuambiwa mzembe. Wodi inayomgombeza aliyechomwa inatengeneza wanaoficha.

Hijabu? Sabato?

Hijabu inavaliwa, chumba cha upasuaji unatumia safi ya humo humo, na mikono inakuwa wazi hadi kiwiko wakati wa kunawa. Wasabato waseme mwanzo wa muhula ili ratiba ya zamu ipangwe, na Jumapili walipe. Anayefunga Ramadhani asipangiwe usiku mfululizo. Haya yanamalizwa na mtu mwenye penseli na ratiba, wala hayahitaji kamati.

Picha za vitabuni zote ni ngozi nyeupe. Inatuhusu?

Inatuhusu kuliko tunavyodhani. Kitabu kinasema "wekundu". Kwenye ngozi yetu ukurutu mara nyingi unaonekana wa kijivu, zambarau au weusi uliozidi. Umanjano utafute kwenye weupe wa jicho, kwenye mwanga wa mchana. Upungufu wa damu tazama viganja na ndani ya kope. Ukosefu wa oksijeni tazama ulimi na ndani ya midomo.

Hata mashine zina upendeleo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni kiliwapita bila kuwaona wagonjwa weusi wenye oksijeni ya chini karibu mara tatu zaidi ya weupe. Huku kwetu ongeza vidole vya Julai: damu haifiki vizuri kwenye kidole cha baridi, namba inayumba. Pasha mkono kwanza, futa rangi ya kucha, kisha mtazame mgonjwa mwenyewe anavyohema. Namba ikisema mzima na mbavu zinaingia ndani, ziamini mbavu.

Wanafunzi wangu wanajenga albamu yao ya picha za ngozi, kwa ridhaa ya maandishi ya mgonjwa na bila sura. Inakua polepole.

Mkufunzi anasema maksi zangu tukazizungumzie gesti.

Usiende. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute meseji. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotumika. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo. Kuna dawati la jinsia chuoni. Kama aliyekaa kwenye dawati ni rafiki yake, piga TAKUKURU, 113, simu haina malipo. Na wavulana nao hutokewa, sheria haichagui.

Kuna mkufunzi haniiti jina. Ananiita "we Mmang'ati".

Mwambie jina lako mara moja, kwa heshima, nje ya darasa. Akirudia, mpelekee mkuu wa idara kwa maandishi. Utani wa makabila ni mali yetu, watani wataniane wapendavyo, lakini utani ni wa wanaolingana. Anayeshika karatasi yako ya maksi hakutanii.

Nimepata supu tatu, yaani masomo matatu ya kurudia mtihani. Mimi si wa huku?

Supu si hukumu ya kabila wala ya shule yako. Lete karatasi tuone ulikosea wapi. Mara nyingi ni maswali mawili ambayo hukuyaelewa Kiingereza chake. Njoo kabla ya marudio, siyo baada ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

Natoka Kilwa. Huko baridi ikoje?

Juni na Julai ni kali. Njoo na sweta mbili nzito za rangi inayoruhusiwa juu ya sare, uliza kabla ya kununua, maana wapo wanaofukuzwa wodini kwa sweta la rangi nyingine. Blanketi usibebe kutoka kwenu, Mwanjelwa mtumba yapo mazito kwa bei ya kupatana. Maji ya kuoga alfajiri yatakushangaza. Zamu ya asubuhi ikianza, pasha viganja vyako kwanza kabla ya kumshika mgonjwa tumboni.